Mrejesho: Spika za vyumba vitatu Moshi sasa zinakwenda pamoja

Wakuu, swali lilikuwa hili: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) tatu zenye Snapcast, programu ya kucheza sauti moja vyumba vyote kwa pamoja, ziko sebuleni, jikoni na barazani, sauti inakatika na vyumba vinapishana kama mwangwi. Limeisha, asanteni sana.

Kukatika kulisababishwa na Wi-Fi ya Pi kusinzia ili kuokoa umeme. Dawa ni `sudo iw dev wlan0 set power_save off`. Amri hii inafutika ukiwasha upya, kwa hiyo iweke kwenye crontab (orodha ya amri zinazojiendesha) ya root, yaani msimamizi wa mfumo, kwa `@reboot`.

Pi ya barazani ilikuwa na lake: chaja ya simu na waya mwembamba. Amri ya kukagua umeme wa Pi, `vcgencmd get_throttled`, ilitoa 0x50000, maana yake umeme ulishuka chini ya kiwango. Adapta ya volti 5, ampea 3, ikarudisha 0x0, yaani hakuna tatizo.

Kupishana kulitoka kwenye saundiba ya sebuleni, inachelewesha sauti yenyewe. Msiguse bafa ya seva (akiba ya sauti kwenye kompyuta inayoituma vyumbani), iacheni milisekunde 1000; rekebisheni latensi (fidia ya ucheleweshaji, kwa milisekunde) ya kifaa hicho peke yake kwenye Snapcast. Piga mlio wa tik-tik, simama mlangoni kati ya sebule na jikoni, ongeza kumi kumi mpaka tik mbili ziwe moja. Hapa zimeungana kwenye 80.

Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, sasa inashusha sauti hadi asilimia 15 kengele ya geti ikilia. Ruta na seva ziko kwenye UPS ndogo. Umeme ukirudi, vyumba vinajiunga vyenyewe.