Tupeane uzoefu: sukari ya kichanga na kipimo cha kisigino

Mkunga_Mkoani
Asalaam alaykum. Si kila kichanga apimwe kama sukari yake imeshuka. Wapimwe wa mama mwenye kisukari, njiti, wa chini ya kilo 2.5, mnene kupita kiasi, aliyechelewa kulia, aliyepoa mwili. Wa mwenye kisukari kazoea sukari nyingi ya mamake, kongosho lake linamwaga insulini, inayoshusha sukari. Kitovu kikikatwa sukari inakoma, insulini bado imo. Mpeni ziwa ndani ya saa ya kwanza, ndipo apimwe. Halafu kila baada ya saa 3, kabla hajanyonya. Wa mwenye kisukari aangaliwe saa 12 za mwanzo, njiti na mdogo saa 24.

Nesi_wa_Wodi
Shida iko kisiginoni tunapochoma kupata damu, jamani. Kipashe kwa kitambaa cha uvuguvugu dakika 3 hadi 5. Choma ubavuni, katikati kuna mfupa karibu. Spiriti ikauke kwanza, isije ikaingia kwenye damu. Tone la kwanza futa, pima la pili. Na usikamue kisigino kama ndimu: maji ya mwilini yanachanganyika na damu, namba haina maana tena. Mkono uliotoka kushika glukosi nao unapandisha namba.
Vijiti vya kupimia ni adui wa unyevu, na masika yetu mnayajua. Toa kimoja, funga kichupa hapo hapo.
Damu ya maabara iwahishwe, kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu. Ikikaa chupa ya kawaida, chembe nyekundu zinaendelea kula sukari. Ila matibabu yasingoje majibu.

Binti_Wete
Dada, akitetemeka tu je?

Nesi_wa_Wodi
Mshike mkono uukunje taratibu. Ukitulia, ni kutetemeka. Usipotulia, dhania degedege. Yote mawili pima. Na wako wasioonesha dalili hata moja.

Mkunga_Mkoani
Angalia mashine inasoma nini: 2.5 ya milimoli kwa lita ndiyo 45 ya miligramu kwa desilita. Chini ya hapo na mtoto yu macho, anyonye au apewe maziwa ya mama kwa kikombe, arudiwe baada ya dakika 30. Akiwa na degedege, amelegea, au sukari iko chini ya 1.1 ya milimoli: dekstrosi (maji ya sukari) ya 10%, mililita 2 kwa kila kilo, mshipani, taratibu kwa dakika 5. Wa kilo 3 ni mililita 6. Kisha dripu iendelee, ukiishia hapo sukari inaporomoka tena.
Iliyopo ni ya 50%? Mililita 10 kwa 40 za maji ya sindano. Usiitie kavu, inaunguza mshipa.

Binti_Wete
Na bibi akitaka kumpa asali?

Mkunga_Mkoani
Asali hapana, ina vijidudu vinavyoweza kumlegeza mtoto misuli. Tahniki ya tende ni chembe ya kupaka kaakaani, haihesabiki kuwa mlo. Akipewa rufaa, safarini akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kanga juu, kofia kichwani. Akipoa anachoma sukari ile ile mnayohangaika kuipandisha.