Bomba moja, muuzaji mmoja: wapangaji Ujerumani tunakamuliwa kwa jina la mazingira

Wakuu, habari za majukumu. Nina hasira, sitazunguka.

Nimepanga ghorofa ya nne, mji wa kati hapa Ujerumani. Jengo halina boila. Maji ya moto yanatoka kwenye mtambo wa mji, yanapita chini ya barabara hadi kwenye hita za ukutani. Juzi imekuja hesabu ya mwaka: niongeze euro 640 za mwaka mzima, juu ya ninazolipa kila mwezi. Hita ya chumba cha watoto haikuvuka namba 2 baridi nzima, kila asubuhi nafuta maji dirishani kwa taulo. Nimejibana, halafu nalipa zaidi!

Msinielewe vibaya, makaa ya mawe na gesi viachwe. Sheria iliyoanza 2024 inataka mitandao hii ya mabomba ya joto itumie asilimia 30 ya nishati jadidifu au joto linalopotea viwandani ifikapo 2030, asilimia 80 mwaka 2040, na 2045 iwe imeachana kabisa na makaa na gesi. Ni hela nyingi: kuchimbua barabara, mabomba mapya, pampu kubwa za joto kama ile ya Mannheim inayochota joto la mto Rhine tangu 2023. Pampu hizo hazili umeme mwingi pale maji yanaposafirishwa yakiwa na joto la wastani. Sasa jengo letu linavuja joto kila kona, litapashwaje bila maji yanayochemka? Mwenye nyumba anatakiwa azibe kuta na kubadili madirisha. Hagusi kitu, kwa sababu bili hailipi yeye.

Mkataba wa joto kausaini yeye, na mikataba hii inaweza kufungwa hadi miaka 10. Umeme nikichoka nahama kampuni. Joto nihamie wapi, na bomba ni moja?

Kinachoniuma zaidi ni fomula ya bei. Mtambo wetu unachoma taka na mbao kwa sehemu kubwa, lakini bei imefungwa kwenye soko la gesi. Gesi ilipopaa 2022 tukapaa nayo. Iliposhuka, sisi tukabaki juu. Huo ni wizi.

Denmark karibu theluthi mbili ya nyumba zinapata joto la aina hii, na sheria yao inataka muuzaji atoze gharama halisi, si faida. Mitandao mingi ni ya ushirika wa watumiaji wenyewe. Kwa nini hapa tufanywe shamba la mtu?

Kwa wasiojua: tangu 2023 gharama ya kaboni (tozo ya hewa ukaa inayotoka kwenye kupasha joto) inagawanywa kati ya mpangaji na mwenye nyumba, na kwa jengo bovu kabisa mwenye nyumba hubeba hadi asilimia 95. Asipoonyesha mgawanyo huo kwenye hesabu, una haki ya kukata asilimia 3 ya gharama yako ya joto. Kwangu hakuonyesha. Barua ya kukata naipeleka Jumatatu.

Aliyewahi kudai aonyeshwe fomula ya bei na akaipata, aeleze alimwandikia nani: mwenye nyumba au kampuni?