Gumzo la kikundi: Wajukuu wa Bibi Mize (Jambiani na walio mbali)

Shangazi Mwanaidi: Assalamu alaykum. Nani kaleta hii sauti ya kuwa Jumamosi sayari zitajipanga mstari na bahari itapanda mpaka barazani? Wenzangu wa mwani hawalali huku.

Zuwena: Waalaykumu salaam. Mie shangazi. Inazunguka sana hapa Dar, nikasema niwape tahadhari.

Mjomba Haji: Jumamosi mwezi 15, mpevu. Bamvua. Alasiri maji yatajaa sana, na saa nne asubuhi yatakuwa yamekupwa mpaka karibu na mwamba. Mie naenda pweza.

Khamis: Mjomba kamaliza. Sayari hazina ubavu huo. Mshtarii (Jupita) ina uzito mara 318 ya dunia, lakini hata ikitukaribia vipi iko karibu kilomita milioni 590. Mwezi uko 384,000 tu. Na nguvu ya kuinua maji hupungua kwa kasi: umbali ukiwa mara mbili, inabaki moja ya nane. Ya Mshtarii haifiki hata moja ya laki ya ile ya mwezi.

Zuwena: Na jua je? Si ndilo kubwa kuliko yote hayo?

Khamis: Jua limo, karibu nusu ya mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi huwa mstari mmoja, vinasaidiana, ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kwake na mwezi kwake, ndiyo maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana. Kwa hiyo mstari upo kweli, ila hujipanga mara mbili kila mwezi tangu enzi za bibi zake Bibi Mize 😂

Asha: Kaka Khamis, hapo mie nakwama. Mwezi unatupita juu mara moja kwa siku. Mbona maji hujaa mara mbili?

Mjomba Haji: Enhe, mjibu huyo.

Khamis: Kwa sababu mwezi hauvuti dunia sawasawa. Bahari iliyo upande wake iko karibu, inavutwa zaidi kuliko katikati ya dunia. Ya upande wa pili iko mbali, inavutwa kidogo kuliko katikati, inabaki nyuma. Basi maji yanatuna pande zote mbili. Dunia inajizungusha, Jambiani inapita kwenye kila upande mara moja.

Asha: 😳 Kumbe upande wa pili ni kubaki nyuma!

Mjomba Haji: Na kila siku maji huchelewa, leo saa nne, kesho karibu saa tano.

Khamis: Dakika 50 hivi. Dunia ikimaliza mzunguko, mwezi nao umeshasogea, inabidi iufukuzie.

Mjomba Haji: Cha kuogopa ni upepo. Bamvua ikikutana na kusi kali, hapo maji hupanda kuliko mazoea. Jumamosi wametangaza upepo mdogo.

Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillah. Zuwena, ifute hiyo sauti. Asha, saa tatu uwe pwani na kamba za kufungia, vijiti vyangu viwili vitatu vimelala, nataka tuvisimamishe kabla maji hayajarudi. Haji, pweza mmoja wangu.

Zuwena: Nimefuta shangazi 🙏🏾

Mjomba Haji: Mkubwa au mdogo?

Shangazi Mwanaidi: Haji, tangu lini mie nikala mdogo?