Kwa nini bondi ya pili ya etheni ni dhaifu kuliko ya kwanza?

Swali: Habari zenu. Bondi ya kaboni na kaboni katika ethani huvunjwa kwa takriban kilojuli 347 kwa moli, lakini ile maradufu ya etheni huhitaji takriban 614, si 694 (yaani 347 mara mbili). Upungufu huo unatoka wapi?

Jibu la 1: Ndugu, bondi hizo mbili si pacha, na vistari viwili sambamba tunavyochora vitabuni huwapotosha wanafunzi wengi. Ya kwanza, iitwayo sigma, huundwa na obitali (maeneo ya atomu ambamo elektroni hupatikana) zinazokutana ana kwa ana katikati ya viini viwili, ilhali ya pili, iitwayo pai, huundwa na obitali za p zinazopishana ubavu kwa ubavu, juu na chini ya bapa la molekuli, na kwa hiyo elektroni zake hushikwa kwa nguvu ndogo zaidi. Ndiyo maana etheni huondoa rangi ya maji ya bromini hata gizani, lakini ethani haiiondoi.

Jibu la 2: Niongeze kwamba pai huzuia mzunguko, kwa kuwa ukiisokota kaboni moja, obitali za p huachana. Kwa sababu hiyo buti-2-eni ina isoma mbili (maumbo mawili ya atomu zilezile), yaani "sisi", ambapo vikundi vya pembeni viko upande mmoja wa bondi, na "transi", ambapo viko pande tofauti.

Muuliza swali: Nashukuru sana, walimu wangu. Je, katika ethaini, yenye bondi tatu kati ya kaboni zake, pai huwa mbili?

Jibu la 1: Naam, pamoja na sigma moja, na urefu wa bondi kati ya kaboni hizo hupungua hadi pikomita 120.