Wewe dalali uliyeniambia nyumba iko karibu na shule, uko wapi saa hizi?

Wakuu, povu hili limenikaa kifuani tangu Januari 2025, leo linatoka. Mwenye mpango wa kuhamia Uingereza na watoto asome mpaka mwisho. Anayekuja kuniambia "shukuru, wenzako wanatamani hiyo nafasi" apite kushoto.

Mume wangu alipata kazi England. Kampuni ikatupa mtu wanayemwita mshauri wa uhamisho, na huyo kila nilipomuuliza habari za shule alikuwa na jibu moja: pateni nyumba kwanza, shule inafuata anwani. Dalali naye akadakia hapohapo. Nyumba ya vyumba vitatu, kodi imeipita mitaa ya jirani, na sababu aliitaja mwenyewe bila haya: shule ya msingi iko ng'ambo ya barabara, ina daraja la juu kabisa la Ofsted, wale wakaguzi wa shule, yaani neno "Outstanding". Kwa kuwa hatukuwa na rekodi ya mikopo nchini humo wala mdhamini, tukadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mkataba mwaka mzima. Nikasaini huku natabasamu, jamani.

Ni kweli shule inafuata anwani, ila kwa aliyekuwemo kwenye foleni siku inapopangwa. Kwa watoto wanaoanza shule ya msingi Septemba, maombi yanafungwa 15 Januari na majibu yanatoka 16 Aprili. Sekondari wanafunga 31 Oktoba, majibu 1 Machi. Wewe unayetua katikati ya mwaka unaomba kiti kilichobaki, kama kimebaki. Na madarasa matatu ya mwanzo (la awali, Mwaka wa Kwanza na Mwaka wa Pili) yana sheria yake: watoto 30 kwa mwalimu mmoja, basi. Mwanangu mdogo alikuwa wa Mwaka wa Kwanza. Darasa lile lilikuwa na watoto 30 kamili.

Kwa hiyo ile shule iliyotupandishia kodi naiona geti lake nikiwa jikoni. Kengele yao ndiyo inayoniambia nimechelewa kumpeleka mwanangu kwingine, mabasi mawili, upande wa pili wa mji.

Mkubwa yeye alipata hapo ng'ambo, maana kuna mtoto wa Mwaka wa Tano alikuwa amehama. (Na darasa ulilotoka halihesabiki, wanaangalia tarehe ya kuzaliwa tu, 1 Septemba hadi 31 Agosti. Wangu kazaliwa mwishoni mwa Agosti, basi ndiye mdogo kuliko wote darasani, na Kiingereza chenyewe ndiyo anakitafuta.) Shule mbili, mageti mawili, yote yanafungwa saa tatu kasorobo asubuhi. Mume yuko kazini. Hebu niambieni nigawanyike vipi.

Nikaambiwa kuna orodha ya kusubiri, na kwa kuwa kaka yake yumo, mdogo anapewa kipaumbele. Nikaona afadhali. Tukawa wa pili. Wiki mbili baadaye nikapiga simu, tukawa wa nne! Nikadhani wamekosea. Hapana. Orodha yao haijali nani alitangulia kuomba. Kila jina jipya likiingia wanaipanga upya kwa vigezo vilevile vya ndugu, umbali na vinginevyo. Kuna familia zimekuja nyuma yetu, nao wana watoto mle, na milango yao iko karibu kuliko wetu. Yaani unaweza kusubiri mwaka mzima huku unarudi nyuma. Hilo ndilo lililonitoa machozi, si zile rufaa.

Rufaa tulikata, tukashindwa. Kwa madarasa yenye ule ukomo wa 30, jopo karibu linaangalia jambo moja tu, kama taratibu zilikiukwa au uamuzi haukuwa na mantiki kabisa. Mama kuchoka si hoja. Walinisikiliza kwa adabu sana, hata maji wakanipa.

Sasa nirudi kwa dalali, maana huyu sijamaliza naye. Hilo daraja la Ofsted alilolichora kwenye tangazo kwa herufi kubwa lilitokana na ukaguzi wa miaka mingi nyuma. Kuanzia 2012 hadi 2020 shule zilizopata daraja la juu zilisamehewa ukaguzi wa kawaida, kwa hiyo nyingine zilikaa na sifa hiyo huku mwalimu mkuu na nusu ya walimu wameshaondoka. Na Septemba 2024 Ofsted wenyewe wakaacha kuzipa shule za serikali hukumu ya neno moja. Sisi tumefika Januari 2025, na mtu bado anatuuzia lile neno!

Kinachoniuma ni kwamba taarifa zilikuwepo, bure. Halmashauri yetu inachapisha kila mwaka shule zipi zilijaa na mtoto wa mwisho kupokelewa alikaa umbali gani. Simu moja kwa ofisi ya shule ingetosha kumwuliza karani: Mwaka wa Kwanza mna nafasi? Mwaka wa Tano je? Tungejua, tungepanga nyumba ya bei nafuu karibu na shule yenye nafasi mbili. Mshauri aliyelipwa na kampuni hakupiga hiyo simu. Mimi ndiye niliyeipiga, wiki ya tatu baada ya kutua, masanduku bado yako koridoni.

Jana dalali kanitafuta. Mkataba unaisha Januari, mwenye nyumba anataka kupandisha kodi. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu bila kupepesa, "mama, eneo hili lina shule nzuri."

Mdogo sasa yuko Mwaka wa Pili, ule ukomo bado unambana hadi Septemba ijayo. Mkubwa yuko Mwaka wa Sita, wa mwisho wa shule ya msingi, fomu yake ya sekondari inafungwa 31 Oktoba, na anwani ndiyo hii ambayo sijui kama tutakuwepo. Kama kuna aliyewahi kuhama nyumba katikati ya haya mambo na akafanikiwa, aje hapa anieleze alianzia wapi. Wengine tusameheane kwa lugha.