Kuhesabu bakteria wa maji ya ziwa kwa DAPI: mbona hesabu zinapishana hivi?

MajiBaridi:
Wakuu, naomba msaada. Mililita 18 za maji ya ziwa nimezitia mililita 1 ya formalini (dawa ya kuhifadhi sampuli) ya asilimia 37. Nikachuja mililita 2 kwenye kichujio cheusi cha polikaboneti chenye vitundu vya mikromita 0.2, nikatumia rangi DAPI (hushika DNA na kung'aa) na lenzi ya darubini ya 100x. Gridi moja (mraba wa kuhesabia ndani ya darubini) ina bakteria 6, nyingine 85. Hata kichujio cha kulinganishia, kisicho na sampuli, kina vidoa vinavyong'aa. Niamini hesabu ipi?

Chekecheke:
Usiamini yoyote kwanza. Kutawanyika vibaya mara nyingi huanzia chini ya kichujio. Tanguliza kichujio cha selulosi cha mikromita 0.45 kilicholowa, ndipo ulaze cheusi juu yake, upande wenye kung'aa ukiwa juu. Bila hicho, mvuto wa pampu hufuata matundu ya kitako cha faneli na bakteria hurundikana hapo. Kiputo cha hewa kati ya vichujio viwili nacho huacha doa tupu. Ombwe (mvuto wa pampu) lisizidi milimita 150 za zebaki. Maji yenye bakteria wengi yazimue kwanza yafike mililita 2 au zaidi. Tone dogo halitandai faneli nzima.

Vidoa ni bakteria wa vifaa vyako: maji yaliyokenekwa yanao, chupa ya rangi iliyokaa inao. Chuja formalini, DAPI na maji ya kusuuzia kwa mikromita 0.2 siku hiyohiyo.

Gridi100:
Naongezea hesabu. Pima kipenyo cha ndani cha faneli, maana ukitumia milimita 25 za kichujio wakati faneli ni 16, jibu linavimba karibu mara mbili na nusu. Faneli ya milimita 16 ina eneo la milimita za mraba 201. Gridi ya mikromita 100 kwa 100 ni milimita ya mraba 0.01, kwa hiyo gridi 20,100 zinaenea humo. Wastani ukiwa bakteria 30 kwa gridi, na umechuja mililita 2: 30 × 20,100 ÷ 2 = 301,500 kwa mililita. Zidisha kwa 19/18 kufidia formalini, upate takriban 318,000.

Hesabu gridi 20 hivi, jumla isipungue bakteria 400, ukizichagua bila kuchungulia kwanza. Jicho hupenda penye wengi. DAPI hufifia upesi, basi lenga na uhesabu papo hapo.

MajiBaridi:
Asanteni sana. Ila kwenye agari (sahani ya kuoteshea bakteria) nilipata makoloni 2,000 tu kwa mililita. Nilikosea?

Chekecheke:
Hapana, mkuu. Hiyo ni kama asilimia 0.6 ya zile 318,000, na kwa maji ya asili chini ya asilimia 1 ni kawaida: wengi hawaoti kwenye agari. Kumbuka pia DAPI hushika DNA ya wafu na hai pamoja. Sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea) nao wamo. Badili uwashe mwanga wa kijani, wataonekana wekundu au rangi ya chungwa, uwatoe kwenye jumla.