Mark X GRX120 inagonga ikipanda Kitonga: ni petroli au ni injini?

mzee_wa_kibamba

Wakuu, habari za majukumu.

Nina Mark X ya 2006, lile toleo la kwanza, cc 2,500. Nililinunua hapa hapa Dar mkononi mwa mtu, kwa hiyo historia yake ya nyuma siijui sana. Mjini linakwenda safi. Shida inaanza likipata mzigo: watu wanne ndani, buti limejaa, AC imewashwa, halafu uanze kupanda Kitonga kwenda Iringa. Ukikanyaga mafuta kwenye zile kona, injini inatoa mlio mkavu kama changarawe zinazotikiswa kwenye kopo. Ukiachia mguu, kimya. Taa ya injini haiwaki.

Fundi wa kwanza alisema plagi. Nimebadilisha zote 6, mlio uko pale pale. Wa pili kasema gari hili linataka petroli ya oktani kubwa, hapa nchini haipo, bora niuze nichukue Premio. Muuza spea Kariakoo naye ananishawishi chupa ya kuongeza oktani, eti chupa moja inapandisha "pointi 7".

Naomba kujua: gari hili linataka oktani ngapi hasa? Petroli ya sheli zetu inatosha? Na hizo chupa zinasaidia au ni biashara ya watu? Mwezi ujao nina safari ya Mbeya na familia, sitaki kulala njiani.

kiti_cha_mbele

Ngoja waje wataalamu. Mimi nina Crown, naweka kambi hapa.

fundi_spana14

Mkuu, kabla hujamuuliza fundi wa tatu, fungua mlango wa tanki usome kibandiko kilichopo ndani. Ni Kijapani lakini unatafuta neno moja tu. Ukikuta プレミアム au ハイオク, linataka petroli ya daraja la juu. Ukikuta レギュラー, ya kawaida inatosha. Kamera ya simu yenye tafsiri itakusomea.

Kwa GRX120 jibu ninalo tayari: utakuta la kwanza. Japani wana madaraja mawili. Ya kawaida ni RON 89 kwenda juu (RON ndiyo kipimo cha oktani), ya juu ni RON 96 kwenda juu. Petroli tunayojaza huku inaangukia katikati ya hizo mbili. Ndiyo maana IST, Vitz, Passo, Premio na gari nyingine zilizoandikwa "regular" hazina habari kabisa, petroli yetu inawazidi mahitaji. Gari lako lenyewe linapata pungufu kidogo ya lilichoandikiwa. Kwa hapo fundi wako wa pili hakukosea. Alipokosea ni kukwambia uuze.

Angalia kitu hiki. Mark X lililofuata, GRX130, lililotoka 2009, lina injini hiyo hiyo 4GR-FSE kwa cc 2,500, lakini Toyota walilipangia petroli ya kawaida. Nguvu ikashuka kutoka farasi 215 hadi 203. Farasi 12 ndiyo bei waliyolipa ili mwenye gari ajaze ya kawaida. Kwa hiyo injini hii ya kwako siyo kwamba itakufa ikikosa 96.

Sasa kwa nini nasema tatizo lako si petroli peke yake. Kugonga ni pale mchanganyiko wa hewa na petroli unapojilipukia wenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaufikia. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo na joto bila kufanya hivyo, basi. Haina uhusiano na petroli kuwa "na nguvu" au kuwa "safi". Injini yako inagandamiza 12 kwa 1, ambayo ni kubwa, lakini ina sensa za kusikiliza mgongano huo. Zikisikia, kompyuta inachelewesha cheche. Unapoteza nguvu kidogo, mafuta yanaliwa kidogo zaidi, na kwa kawaida wewe dereva husikii chochote. Wewe unasikia mpaka changarawe. Maana yake sensa imechoka, au kuna kitu kinachopandisha joto na mgandamizo kuliko kompyuta inavyoweza kufidia.

Nipe majibu haya: linakula oili? Geji ya joto ikoje ukipanda mlima? Na huwa unajaza wapi?

mzee_wa_kibamba

Nimefungua, kweli ni プレミアム. Oili huwa naongeza kidogo kabla ya muda wa sevisi kufika. Geji ya joto iko chini sana, hata haifiki katikati, nikajua ndiyo vizuri. Kujaza najaza popote penye foleni fupi.

binti_wa_makambako

"Popote penye foleni fupi" ndiyo penyewe hapo kaka. Petroli ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa, oktani inaporomoka kabisa, na kwenye Mark X utaijua mlimani kabla hujaijua mfukoni. Ni kweli mchezo huu umepungua tangu EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, waanze kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Lakini kupungua siyo kuisha. Chagua sheli moja yenye magari mengi, ile ambayo tanki lake la chini halikai na mafuta ya wiki tatu, jaza hapo hapo mara kadhaa mfululizo, tunza risiti. Mlio ukibadilika umeshajua.

Na huko Kitonga usiache giya ijichagulie. Hilo gari lina giya 6 na sehemu ya S, ya kuchagua giya mwenyewe. Weka S, shusha mpaka injini izunguke kwa uhuru, mguu usiwe mzito. Injini hugonga zaidi ikibebeshwa mzigo mkubwa huku inazunguka taratibu. Mimi barabara ile nimeizoea na Noah iliyojaa maparachichi, najua ninachosema.

msomali_wa_nakuru

Niaje wadau. Huku Kenya stesheni kadhaa zina petroli za majina kama V-Power na Excellium kando ya super ya kawaida, na watu wa Mark X wanaapa nayo. Yangu ni GRX120 pia na haijawahi kugonga. Jamaa aje Namanga ajaze aone tofauti.

fundi_spana14

Ndugu yangu wa Nakuru, ongezea na hili: uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, silinda inajaa hewa kidogo, mgandamizo unapungua, na injini isiyo na turbo inavumilia oktani ndogo kuliko ikiwa Dar au Mombasa. Huenda unaisifu petroli wakati wa kusifiwa ni mlima.

Halafu hizo petroli za majina, uliza namba yake ya RON, usinunue jina. Jina linaweza kuwa linasifia dawa ya kusafisha iliyomo tu. Dawa hiyo si mbaya, inasafisha nozeli. Lakini 4GR-FSE inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti juu ya vali za kuingiza hewa. Kwa hiyo vali hizo hazioshwi na petroli yoyote, iwe ya bei gani. Zinakusanya masizi ya oili mwaka baada ya mwaka. Fundi aliyewahi kufungua Lexus IS250 anaijua hadithi hii, injini ni moja.

Mzee wa Kibamba, majibu yako yamenipa picha. Geji kukaa chini siyo vizuri. Nina wasiwasi kuna fundi alishang'oa thamostati, ule ugonjwa wetu wa "gari lisichemshe". Injini haipati joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi kama asubuhi, masizi yanajengeka kwenye kichwa cha pistoni. Ongeza oili inayopenya na kuungua humo, ambayo nayo inashusha uvumilivu wa petroli. Masizi yanachukua nafasi ndani ya silinda, mgandamizo unapanda juu ya ile 12, na yanatunza joto. Hapo hata ukipewa 96 bado unaweza kusikia kitu.

tx_boy

Mimi niko Texas, Camry yangu kitabu kinasema 87 na linakwenda miaka yote. Ina maana petroli ya Bongo ni bora kuliko ya Marekani?

chemia_ya_mtaani

Hapana mkuu, mnapima kwa rula nyingine. Pampu za Marekani zinaandika wastani wa vipimo viwili, RON na MON, na MON siku zote inasoma chini. 87 ya huko ni kama RON 91 au 92. Mwenye gari lililotoka Marekani ambalo kitabu kinadai 91, asome hiyo kama RON 95 au 96. Wengi wanachanganya hapo halafu wanagombana na mafundi bure.

Kwa faida ya wengine, namba yenyewe inatokana na kulinganisha. Kuna kimiminika kinaitwa iso-oktani kilichopewa 100, na heptani iliyopewa 0. Petroli ya 95 ni ile inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa 95 kwa 5 wa hivyo viwili. Utaratibu huo ni wa miaka ya 1920. Zamani namba ilipandishwa kwa risasi, ambayo Afrika yetu ya kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006.

Na hizo chupa za Kariakoo: pointi 7 siyo oktani 7. Kwenye lugha ya hizo chupa pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani. Kama tanki lako lina 93, inakuwa 93.7, tena ikiwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kinatosha tanki zima. Kutoka hapo kufika 96 hesabu mwenyewe ni chupa ngapi kila ukijaza. Nyingine zina manganizi, utakuta plagi zako mpya zimekuwa na rangi ya kutu.

mswahili_maskati

Sie huku Oman pampu zimeandikwa wazi, 91, 95 na 98, unachagua mwenyewe. Kuna jamaa zangu hutia 98 kwenye Corolla kwa mapenzi tu. Gari halijui kama linapendwa.

kiti_cha_mbele

😂 Mimi nina swali dogo. Crown yangu ni Athlete ya 2009, nasoma wapi?

fundi_spana14

Kibandiko hicho hicho, mlango wa tanki. Usikisie kwa jina la gari wala kwa mwaka, Toyota walibadilisha katikati ya matoleo.

mzee_wa_kibamba

MREJESHO. Nimekwenda kwa fundi mwenye mashine. Thamostati kweli haipo, nyumba yake tupu. Sensa za kugonga zinafanya kazi, tumeona taimingi ya cheche inarudi nyuma gari likiwa na mzigo. Amefungua manifoldi, vali zina masizi meusi mazito, moja huioni shina. Amesafisha, ameweka thamostati mpya na kulanti badala ya maji ya bomba, akapitisha na dawa ya kusafisha ndani ya silinda. Chupa za oktani sikununua. Juzi nimepanda Pugu na watu wanne, AC imewashwa. Mlio umepungua sana ila jua la saa nane bado nausikia kwa mbali nikikanyaga ghafla.

fundi_spana14

Hicho kilichobaki ndicho fungu la petroli. Pwani, saa nane mchana, injini ya 12 kwa 1 iliyoandikiwa 96 ikipewa chini ya hapo, lazima ilalamike kidogo kabla kompyuta haijashika. Usikanyage ghafla, Kitonga tumia S kama binti wa Makambako alivyosema, na oili usiache ishuke. Ukirudi kutoka Mbeya, mwambie apime kompresheni ya silinda zote 6, ile oili inayopungua inatoka mahali.

binti_wa_makambako

Na ukifika Makambako usijaze pale panapouzwa kwa madumu barabarani. Nimekwambia mapema.